Tupeane uzoefu: Tuliosoma, tuliofundisha au tuliosomesha watoto katika shule za Kibudha za mchanganyiko huko Japani

Baba Neema (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Juzi dada yangu alinipigia simu saa nne usiku. Mwanawe wa pili amepata nafasi ya kusoma sekondari Japani kwa mwaka mmoja, na kwenye barua ya shule wameandika kwamba ni ya Kibudha, wavulana na wasichana pamoja. "Kaka, wewe ulisoma kwao. Mwanangu wanakwenda kumfanya nini?" Nilimweleza nilivyoweza, lakini simu ilipokatika nikaona kwamba kumbukumbu za mtu mmoja hazimtoshi mzazi. Najua humu tupo kadhaa tuliopita huko. Naomba kila mmoja aseme yake, ya raha na ya uchungu, naye dada atasoma.

Mimi nilitoka Arusha mwaka 2009 kwa programu ya Rotary ya kubadilishana vijana. Nilipelekwa mkoa wa Aichi, kwenye shule iliyo chini ya hekalu la Soto. Soto ni tawi mojawapo la Zen, yaani Ubudha unaotilia mkazo kukaa kimya na kutafakari. Jina la shule naliweka kando, walimu wangu wengine bado wapo kazini.

Asubuhi ya kwanza nilifika getini nikaona kila mwanafunzi anasimama mbele ya sanamu, anakutanisha viganja kifuani, anainama, halafu anaingia kubadili viatu. Wenyewe wanaita gassho. Mimi mtoto wa Kilutheri, baba mzee wa kanisa, nikabaki mikono mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, na jibu langu nilikuwa nimelikariri kwa Kijapani. Hakuna aliyeniuliza, si siku hiyo wala siku nyingine. Baada ya miezi miwili hivi nikawa nainamisha kichwa, mikono ikiwa chini. Mlinzi wa geti naye akawa ananijibu vilevile, kichwa tu.

Jumatatu tulikuwa na zazen, yaani kukaa kimya. Ukumbi una mikeka, kila mtu na mto wake mweusi wa duara, wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili, wao wakiwa wamevaa suruali za michezo. Katika Soto mnakaa mkitazama ukuta. Kengele inagongwa mara tatu, mnaanza. Inagongwa mara moja, mmemaliza. Kwetu zilikuwa dakika 20, na za mwanzo miguu ilikufa ganzi hadi nikashindwa kusimama. Mtawa anapita nyuma na ubao mrefu. Ukiona usingizi unakuzidi, unakutanisha viganja, anakugusa bega la kulia, unalaza kichwa kushoto, anakupiga. Sauti ni kubwa kuliko maumivu. Nasisitiza kwa wazazi: kwetu aliyepigwa ni aliyeomba. Nilitoka kwenye shule ambako fimbo ilikuwa haiombwi, kwa hiyo tofauti hiyo niliielewa upesi.

Ila kilichonibadilisha si kukaa kimya. Ni tambara.

Kila siku vipindi vikiisha shule nzima inafanya usafi kwa dakika 15. Mama wa nyumba niliyokaa alinishonea matambara mawili kwa taulo kuukuu, kila upande mshono wa kukaza, na jina langu kwa wino. Unalowesha, unakamua, unaliweka sakafuni kwa mikono miwili, unainua kiuno na kukimbia nalo korido nzima. Hata kwetu Arusha tulifagia na kupiga deki, msinielewe vibaya. Lakini vyoo kwetu vilikuwa vya waliochelewa. Kule zamu ya vyoo alikuwa nayo mwalimu wetu wa dini, mtawa mwenye mavazi yake meusi, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na wanafunzi aliokuwa nao walikuwa viongozi wa darasa.

Nilimuuliza kwa Kijapani changu cha kuvunjikavunjika kwa nini yeye. Akanijibu kwa hadithi ya Dogen, aliyelianzisha tawi lao. Mwaka 1223 Dogen alikwenda China akiwa kijana wa miaka 23, na akiwa bado melini bandarini akaja mtawa mzee kununua uyoga. Alikuwa mpishi wa monasteri, ametembea kutwa nzima. Dogen akamsihi alale hapo wazungumze. Mzee akakataa: kesho nani atapika? Dogen akashangaa, mtu wa umri wako, kwa nini usiwaachie vijana jiko, ukae utafakari na kusoma? Mzee akacheka, akamwambia mgeni wangu, bado hujaielewa njia yenyewe ni nini. Kisha akaondoka na uyoga wake. Mwalimu alipomaliza akanipa brashi.

Jambo lingine lililonishangaza: mwalimu huyo alikuwa na mke na watoto, na binti yake alikuwa kidato kimoja nyuma yangu. Nilidhani watawa wote hawaoi. Kumbe Japani serikali iliwaruhusu kuoa na kula nyama tangu 1872, na mahekalu mengi hurithiwa na mtoto kutoka kwa baba.

Mwaka ule walitupeleka Eiheiji, hekalu kuu alilolianzisha Dogen mwaka 1244 katika milima ya Fukui. Tulilala usiku mmoja. Kuna mahali patatu ambapo hapasemwi neno: ukumbi wa kutafakari, bafu na choo. Unaamshwa gizani na kengele ya mtu anayepita mbio. Kwenye chakula waliweka figili ya achari, ile ya manjano inayolia kra-kra, tukaambiwa tuitafune bila sauti. Vijana zaidi ya 100, wavulana na wasichana, tunatafuna figili na hakuna kinachosikika. Sijawahi kula kwa uangalifu namna ile tena.

Nimeongea sana. Karibuni.

Mwalimu wa Kisauni

Asante kaka Baba Neema, ila nikusahihishe kidogo, msomaji asije akadhani Wabudha wote wanakaa wakitazama ukuta. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza eneo la Kyoto kwa miaka mitatu, katika shule ya Jodo Shinshu, madhehebu yanayomfuata Shinran aliyeishi 1173 hadi 1263. Zazen hakuna kabisa. Kwao mtu haokoki kwa juhudi zake, anategemea ahadi ya Budha Amida, na anasema tu "Namo Amida Butsu" kwa shukrani. Wanafunzi wana shanga wanazivaa mkono wa kushoto. Na kinanda kipo! Wanaimba nyimbo za Kibudha kwa sauti nne kama kwaya ya parokia yangu Mombasa. Siku ya kwanza nilifumba macho nikasikia niko nyumbani, hadi nilipofumbua nikaona nani yuko madhabahuni.

Historia yake ndiyo ilinifanya nizipende shule hizi. Ilipofika 1868 serikali mpya ya Meiji ilitenganisha Ushinto, dini ya asili ya Japani, na Ubudha, na sehemu nyingi watu wakavunja mahekalu, wakachoma sanamu. Wakati huohuo wamisionari wa Kikristo walikuwa wakifungua shule nzuri za kisasa. Wabudha wakaona wasipofundisha watapotea. Shule ya Heian ya Kyoto, inayojulikana nchi nzima kwa besiboli na iliyochukua ubingwa wa majira ya kuchipua katika uwanja wa Koshien mwaka 2014, ilianza 1876 kama shule ndogo ya madhehebu hayo katika mji wa Hikone. Kisha 1899 serikali ikatoa amri kwamba shule yenye kibali chake isifundishe dini darasani, iwe ya Kikristo au ya Kibudha. Walibanwa hivyo hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Leo shule ya serikali haiwezi kufundisha dini, ya binafsi inaweza, na ndiyo maana unakuta kipindi cha Ubudha kimekaa kwenye ratiba kati ya hisabati na kemia.

Na hii "mchanganyiko" si ya siku zote. Kabla ya vita, ukitoka shule ya msingi mvulana anakwenda kwake na msichana kwake. Sheria ya elimu ya 1947 ilikubali wasome pamoja, lakini shule nyingi za binafsi zilibaki vilevile kwa miongo mingi. Heian yenyewe ilipokea wasichana mwaka 2003. Sababu ni ya wazi: watoto wanaozaliwa Japani wanazidi kupungua, na shule inayofunga mlango kwa nusu ya watoto inajimaliza yenyewe.

Shule niliyokuwa mimi ilikuwa ya wavulana tupu, nikawakuta wasichana wa mwaka wa pili tangu wafunguliwe mlango. Walikuwa 11 katika darasa la watu 38. Vyoo vyao vilikuwa jengo la mbali kwa sababu la zamani halikuwa navyo, na kengele ya kipindi ilikuwa inawakuta njiani. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, kwenye picha za wahitimu ukutani hakuna anayefanana nami." Nilikosa la kumjibu. Lakini ibada ya Hanamatsuri ilipofika, tarehe 8 Aprili, sikukuu ya kuzaliwa Budha, wao ndio waliopamba kibanda cha maua na kuweka ndani sanamu ya Budha mtoto, mkono mmoja juu na mmoja chini. Kila mtu anaimwagia kwa kijiko chai tamu ya majani, kwa sababu inasimuliwa kwamba alipozaliwa mbingu zilinyesha mvua tamu. Yule msichana ndiye aliyekabidhiwa kijiko cha kwanza, mbele ya mkuu wa shule. Picha hiyo nimeambiwa sasa imetundikwa.

Kijana wa Mbagala

Swali langu fupi wakuu. Wanambadilisha mtu dini?

Baba Neema

Mkuu, kwangu hapana. Sikuwahi kuombwa nijiunge na chochote. Darasani kwetu wenyewe Wajapani wengi walikuwa hawana habari na dini, shule wameichagua kwa sababu ya treni iko karibu au klabu ya muziki ni nzuri.

Mama Zuhura

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni wa Tanga, Makorora, nimeolewa huku na tunaishi Saitama. Mwanangu Zuhura nimemsomesha katika shule ya Kibudha tangu miaka 12, kwa kuwa ndiyo shule ya karibu iliyokubali hijabu bila kunizungusha. Sitaficha kwamba nililia. Mama yangu Tanga alisema, "Mwanangu, umempeleka mjukuu wangu kwenye masanamu."

Nilikwenda kumwona makamu wa mkuu wa shule kabla hajaanza. Nilimwambia, mwanangu hasujudii chochote isipokuwa Mwenyezi Mungu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: "Basi yeye mwenyewe anaweza kufanya nini wakati sisi tunainama?" Tukakubaliana atasimama kwa adabu, mikono pembeni, kimya. Wakisoma sutra, yaani maandiko ya Kibudha, yeye hasomi. Ikiandikwa alama za somo la dini, anasahihishwa kwa anachokijua, haulizwi anachokiamini. Nawasihi wazazi, nendeni mkaongee mapema. Msisubiri mtoto aaibike mbele ya wenzake ndipo mseme. Na katika mambo ya imani kila mmoja amuulize mwenye elimu wake, mimi naeleza tulivyofanya sisi tu.

Chakula sasa. Wakienda kulala hekaluni wanapikiwa chakula cha watawa: hakina nyama, hakina samaki, wala kitunguu wala saumu. Nikasema alhamdulillah, hapo sina wasiwasi. Kumbe kuna mirini, divai tamu ya mchele, wanaitia kwenye mchuzi na kwenye mboga kama sisi tunavyotia nazi! Ulizeni mirini. Andikeni kwenye karatasi, mtoto aende nayo. Yule mpishi wa hekalu alipoelezwa alimpikia Zuhura sufuria yake peke yake, akaifunika na kuibandika jina.

Ramadhani ya kwanza alifunga huku wenzake wanafungua bento zao, vyakula vya mchana vya kwenye kasha. Mwalimu wa dini alimwita, nikadhani atamkataza. Akamwambia kwamba katika kanuni za kale watawa hawali tena ikishapita saa sita mchana, na yeye ujanani aliwahi kuishika kanuni hiyo, akaona jioni ndiyo ngumu kuliko zote. Akamuuliza kwako saa ipi ni ngumu? Zuhura akasema saa tisa. Tangu hapo saa tisa akimkuta koridoni anamuuliza, "Imepita?" Anamjibu, "Imepita, mwalimu."

Bibi yake sasa amenyamaza. Hajakubali, lakini amenyamaza.

Mkimbiaji wa Nyandarua

Nimesoma ya Mama Zuhura mara mbili. Wacha nami niseme, ingawa si rahisi.

Sisi Wakenya tunaenda shule za Japani kwa sababu ya ekiden, mbio za kupokezana. Hakuna kijiti, kuna mshipi unaoitwa tasuki, unauvaa begani unateremka hadi kiunoni, unauvua unampa mwenzako. Mashindano ya taifa ya shule za sekondari ni Kyoto, mwezi wa Desemba: wavulana saba kwa kilomita 42.195, wasichana watano kwa nusu yake. Samuel Wanjiru wetu naye alipitia njia hiyo, alikwenda Sendai mwaka 2002, na 2008 akachukua dhahabu ya marathoni Beijing. Shule yake haikuwa ya Kibudha, lakini zipo. Toyokawa, shule ya hekalu la Toyokawa Inari huko Aichi, wavulana wake walikuwa mabingwa wa taifa mwaka 2012, na imewahi kuwa na Wakenya.

Mzazi anayetaka kumtuma mtoto kukimbia ajue hili: kuanzia 2008 mwanafunzi wa kigeni wa kiume hakimbii tena kipande cha kwanza, kile cha kilomita 10, maana tulikuwa tunatoka mbele mno. Na tangu 2024 wamebana zaidi, mgeni anakimbia kipande cha kilomita 3 tu. Mimi nilikimbia cha tatu, zaidi ya kilomita 8, wakati bado inaruhusiwa. Nafasi sasa ni nyembamba. Mtu akikuahidi makubwa kwa ajili ya mwanao, muulize anajua kanuni ya sasa?

Nilifika nina miaka 16. Sitataja shule. Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya. Kocha wa wakati huo alinisemesha kwa saa ya mkononi tu: ukishuka sekunde tatu, chakula cha jioni mnakula hakuna anayekuangalia. Nilikuwa naongea peke yangu bwenini kwa Kikuyu ili nisisahau sauti yangu. Aliyeniokoa ni nahodha wa timu ya wasichana. Timu zetu mbili zilifanya mazoezi uwanja mmoja, na hapo ndipo naona faida ya shule ya mchanganyiko, kwa sababu wavulana walinichukulia kama mpinzani wa nafasi, yeye alinichukulia kama mtu. Alinifundisha herufi za hiragana kwa kuandika mavumbini na spaiki ya kiatu. Na ni yeye aliyegundua kwamba maduka ya Wabrazili, ambao ni wengi pande za Aichi na Shizuoka, wanauza unga wa mahindi. Si kama wa kwetu, ni wa manjano, lakini unashika. Jumapili nilipika ugali kwenye sufuria ya wali ya bweni.

Mwaka wa pili, wiki ya kwanza ya Desemba, shosho yangu, yaani bibi, alifariki. Ndiye aliyenilea. Nauli ya kurudi haikuwepo na mashindano yalikuwa wiki mbili mbele. Sikumwambia mtu, lakini asubuhi nilikimbia nikasimama katikati ya uwanja, nikashindwa kuendelea.

Tarehe 8 Desemba shule za Zen hukumbuka siku Budha alipofikia kuamka kwake, na hukaa zazen asubuhi na mapema. Baridi ilikuwa inauma mifupa. Tulipomaliza mwalimu wa dini hakutuachilia. Aliuliza jina la shosho, akaniomba nilitamke mara mbili ili asikosee. Kisha akawasha udi, na timu zote mbili zikamsomea Sutra ya Moyo, ile fupi ambayo kila mwanafunzi anaijua kwa kichwa. Watoto wale hawajawahi kufika hata uwanja wa ndege wa Nairobi, na jina la Wanjikũ wa Ol Kalou linatajwa katikati ya Kijapani cha kale, na pumzi zao zinatoka moshi.

Mimi ni wa PCEA, kanisa la Presbiteri. Nilikaa hapo. Nilimwomba Mungu wangu kwa Kikuyu, wao wakaendelea na yao.

Mama alipoambiwa alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Halafu akauliza, "Walikuwa wangapi?" Nikamwambia 43. Akasema, "Hapa kaburini tulikuwa kama hao."

Kyoto nilikimbia vizuri. Niliupokea mshipi tukiwa wa 14, nikautoa tukiwa wa 5. Ulikuwa umelowa jasho la watu wawili kabla yangu.

Dada wa Upanga

Poleni kaka yangu. Mimi sijasoma Japani, ila niwakumbushe walio Dar kwamba hekalu la Kibudha tunalo hapahapa Upanga, lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka enzi za ukoloni. Shangazi yangu amekaa jirani nalo miaka mingi. Kijana anayesafiri anaweza kupita hapo kwa adabu akaona mtawa ana sura gani, kabla ya kumwona ugenini. Wa Sri Lanka na wa Japani wanatofautiana, lakini woga utakuwa umepungua.

Mwalimu wa Kisauni

Wazo zuri sana, Dada wa Upanga. Na mkimbiaji, yule nahodha mnawasiliana bado?

Mkimbiaji wa Nyandarua

Ndiyo, mwalimu. Ameolewa, anafundisha michezo shule ya msingi. Kila Desemba ananitumia picha ya theluji ya Kyoto, nami namtumia ya shamba la viazi.

Baba Neema

Dada amesoma uzi wote usiku wa kuamkia leo. Amelia kwa shosho. Ya mirini amesema haimhusu lakini ameiandika. Kijana mwenyewe anataka kujua kama klabu ya ngoma zao kubwa inapokea wageni, anayejua amjibu.

Dada ana swali moja lililobaki: matambara wanampa kule au aende nayo? Nimemwambia aende nayo, mawili, yasiwe mapana kuliko viganja viwili vilivyotandazwa, mshono ukazwe pembeni na katikati, jina liandikwe kwa wino usiotoka. Ameshakata taulo la zamani. Nimemwacha anatafuta uzi mweupe.